KOMPYUTA: Programu moja, mashine mbili, hesabu tofauti

MTUNZI wa programu anayetumia lugha ya C huahidiwa jambo kubwa: kwamba alichokiandika kwenye tarakilishi ya Linux kitaweza kuhamishiwa Windows au Mac bila kuandikwa upya. Ahadi hiyo ni ya kweli, ila ina masharti ambayo wengi huyagundua hesabu zikiwa zimekwisha kuharibika.

Chukua mfano wa chama cha akiba na mikopo kinachohifadhi hesabu zake kwa senti. Mtunzi ametumia aina ya namba iitwayo ‘long’. Katika Linux na Mac za biti 64, namba hiyo huchukua nafasi ya baiti nane. Katika Windows, hata ile ya biti 64, huchukua baiti nne tu, na haiwezi kuzidi 2,147,483,647. Zikiwa ni senti, hizo ni Sh21,474,836.47. Jumla ya amana ikipita hapo, aghalabu ripoti huonyesha namba hasi, kana kwamba wanachama ndio wanaodaiwa. Kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mtunzi kuwa amri za mashine, huenda isitoe onyo lolote, maadamu kanuni za lugha zinaruhusu tofauti hiyo.

Uhuru huo ulikusudiwa. Dennis Ritchie alibuni C katika maabara ya Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mnamo 1977 yeye na wenzake Ken Thompson na Stephen Johnson waliamua kuuhamisha mfumo wa Unix hadi mashine ya aina nyingine kabisa, Interdata 8/32. Ili programu ziende kasi, kila mashine iliachiwa ichague ukubwa wa namba unaoifaa. Kanuni rasmi za 1989 ziliweka kiwango cha chini tu. Zile za 1999 ndizo zilizoleta dawa: aina kama ‘int64_t’, ambayo ina biti 64 popote inapopatikana.

Faili nazo zina vituko vyake. Windows humaliza mstari kwa alama mbili, ilhali Linux hutumia moja. Kwa hivyo, mtunzi akifungua picha au kumbukumbu za hesabu bila kuongeza herufi ‘b’ katika amri ya kufungua faili, Windows huidhania kuwa maandishi na kuchezea baiti zake. Herufi moja tu! Katika Linux kosa hilo halionekani kamwe, na ndiyo maana hudumu miaka. Vivyo hivyo, faili ziitwazo ‘Ripoti’ na ‘ripoti’ ni mbili tofauti kwa Linux, lakini ni moja kwa Windows.

Yapo mambo, kama vile madirisha na vitufe vya kwenye skrini, ambayo kanuni za C hazigusi kabisa. Hapo busara ni kuyatenga. Mfano bora ni SQLite, programu ya kuhifadhi data iliyoanzishwa na Richard Hipp mwaka wa 2000. Sehemu inayozungumza na Unix imewekwa katika faili yake, inayozungumza na Windows katika nyingine, na sehemu kubwa iliyobaki haijui iko kwenye mashine gani. Isitoshe, mpangilio wa baiti katika faili zake umeandikwa waziwazi, hivyo data iliyohifadhiwa kwenye mashine moja husomeka kwenye nyingine.

Wanaodharau suala hili wana tarehe ya kukumbuka. Programu zinazoweka saa katika namba ya biti 32, kwa kuhesabu sekunde tangu 1970, zitafika kikomo Januari 19, 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, saa za Afrika Mashariki. Sekunde moja baadaye, nyingi kati yazo zitaamini kwamba ni Desemba 1901.