Je, Wajua? Vituko vya Barua Pepe za "Benki"

Mkuu wa FBI naye nusura aliwe
Oktoba 2009, Robert Mueller, mkurugenzi wa FBI wakati huo, alisimulia hadharani kule San Francisco jinsi alivyopata barua pepe iliyofanana kabisa na za benki yake, ikimtaka athibitishe taarifa zake. Akaanza kujaza! Alishtuka akiwa amebakiza kubofya mara chache tu. Mkewe hakutaka mjadala: hizi pesa ni zetu wote wawili, kwa hiyo wewe na benki ya mtandaoni basi. Wiki hiyohiyo FBI ilitangaza mashtaka dhidi ya watu wapatao 100, wa Marekani na Misri, kwa utapeli wa namna hiyo.

Mtumaji haulizwi kitambulisho
Kanuni za kusafirisha barua pepe ziliandikwa mwaka 1982, enzi ambazo watumiaji walikuwa wachache na wanaaminiana. Hakuna aliyefikiria kukagua kama anayejiita benki ni benki kweli. Ni kama bahasha: nyuma yake unaandika jina lolote utakalo. Kinga zimeongezwa baadaye, lakini tapeli bado anaweza kufungua anwani ya bure na kujibandika jina "Huduma kwa Wateja".

Anwani husomwa kutoka mwisho
Tazama hii: benkiyako.co.tz.hakiki-akaunti.com/ingia. Ya benki? Hata kidogo! Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina, kisha rudi kushoto: mwenye mali ni hakiki-akaunti.com, na yote yaliyotangulia ni mapambo aliyojiwekea mwenyewe. Kwenye simu, bonyeza kiungo bila kuachia, na mara nyingi anwani kamili itajitokeza.

Kuna "a" ya Kirusi
Machoni ni ileile, ila kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa. Mwaka 2017 mtafiti mmoja alisajili anwani ya herufi za aina hiyo, na baadhi ya vivinjari vikaionyesha kama apple.com halisi. Hapo hata mwenye macho ya tai hana ujanja. Dawa ni kuandika anwani ya benki kwa mkono wako.

Kufuli halimfukuzi mwizi
Alama ya kufuli huonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, na tovuti za matapeli nazo huwa nalo. Mwaka 2023 Chrome iliiondoa kwa sababu watu waliielewa vibaya.

Ukiwa na shaka, piga namba iliyo nyuma ya kadi yako, si ile iliyo ndani ya barua.