Je, Wajua? Oman: Maji Ndiyo Mwenyeji

Kuanzia vilele vya Hajar hadi mchanga wa jangwa la Rub' al-Khali, maji ndiyo huamua watu waishi wapi na msafiri apite wapi.

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya milima ya Hajar ilikuwa sakafu ya bahari? Miamba yake ilisukumwa ikapanda juu ya ukingo wa bara mamilioni ya miaka iliyopita.

Kwamba mlima wa Jebel Shams, wenye takriban mita 3,000, huweza kupata theluji wakati wa kipupwe?

Kwamba mawaridi ya mlima wa Jebel Akhdar huchumwa majira ya kuchipua, yakapikwa ili kupata marashi yanayotiwa kwenye halua?

Kwamba mifereji ya kale, aflaj, hupeleka maji mashambani bila pampu, kwa mteremko mtupu? Takriban 3,000 bado inatumika, na mitano iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kila mwenye shamba ana zamu yake. Wazee waliipima kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku.

Kwamba Imamu Saif bin Sultan, ambaye majeshi yake yaliiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, anakumbukwa kwao Oman kwa kujenga aflaj na kupanda mitende?

Kwamba Bertram Thomas, Mzungu wa kwanza kuvuka Rub' al-Khali, mwaka 1930 hadi 1931, alifika salama kwa sababu Sheikh Salih bin Kalut wa kabila la Rashid alivijua visima? Sifa ya safari ile ni ya wote wawili.

Kwamba choroa wa Arabuni alitoweka porini mwaka 1972, kisha akarudishwa katika jangwa la Jiddat al-Harasis mwaka 1982, Wabedui wa Harasis wakiwa walinzi wake?

Kwamba Dhofar hupata manyunyu na ukungu kuanzia Juni hadi Septemba, milima ikawa kijani kibichi, ilhali miti ya ubani hustawi ng'ambo, upande mkavu wa milima hiyohiyo?

Na je, wajua kwamba mvua ikinyesha milimani, mafuriko huweza kulifikia bonde la wadi lililo mbali, penye anga jeupe? Basi usipige kambi ndani ya wadi, hata kama mchanga wake ni mkavu kabisa.