Mgonjwa wa Akili na Saa Zake

Ndugu mkulima wa Lugari au Likuyani, unajua kwamba ukikamua leo alfajiri na kesho saa nne, maziwa yatapungua. Nawe kama unaugua ugonjwa wa akili, au una ndugu anayeugua, shika saa vivyo hivyo.

Usingizi ndio mkubwa. Yafaa kulala na kuamka wakati ule ule, hata siku za kuvuna mahindi. Mtu aliyepata nafuu akianza kukesha siku mbili tatu, wala hasikii uchovu, huenda ugonjwa unarudi. Usingoje uzidi, mpeleke kwa daktari.

Dawa nayo imezwe kama ilivyoagizwa. Wengi huiacha wakijiona wamepona, kumbe ndiyo inayowashikilia. Nyingine, kama klopromazini, huifanya ngozi iungue upesi juani. Basi palilia mapema, na kofia kichwani. Busaa na chang'aa hazipatani na dawa hizi. (Najua, arusini kukataa ni kazi.)

Kuoga, kufua shati, kunywa uji: kwako uliye mzima ni mambo madogo, lakini kwa mgonjwa huweza kuwa mazito kuliko jembe. Usimkemee, wala usimfungie chumbani. Mtengee maji ya kuoga, umpe kazi moja iliyo yake kila siku, kama kuwanywesha ndama.

Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, inampa haki ya kushiriki katika kupanga matibabu yake. Mkifika hospitali kuu ya Kakamega, mwache aeleze mwenyewe jinsi anavyolala.