Mtoto wa Manjano Asinyimwe Ziwa

Mwezi huu tunazungumza na akina mama wanaonyonyesha, na pia akina bibi, mama wakwe na akina baba. Twajua kwamba uamuzi wa kumwachisha mtoto ziwa mara nyingi haufanywi na mama peke yake.

Tuliwahi kumpokea mama mmoja kutoka vijiji vya juu, penye baridi, akiwa na mtoto wa kiume wa siku nne. Mtoto alizaliwa vizuri, akanyonya vizuri, wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Huko ndugu walitoa sandukuni blanketi na vitenge vilivyotunzwa kwa vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, wakamfunika mtoto. Kama ilivyo desturi yetu Wachagga, mzazi alikaa ndani akilishwa mtori na kisusio. Chumba kilikuwa na giza, hakuna aliyeona rangi ya mtoto. Siku ya nne macho yalikuwa ya manjano na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Jamaa wakasema maziwa ya mama ni mabaya, mtoto apewe maji ya glukosi. Alipofika kwetu alikuwa amelegea.

Mama alituuliza swali moja tu: "Sista, ni maziwa yangu?"

Tukamjibu: "Hapana, mwanangu. Maziwa yako ni mazuri."

Ni nini basi?

Chembe nyekundu za damu zinakingwa na kimeng'enya kiitwacho G6PD. Wako watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya hiki. Ni ugonjwa wa kurithi, na duniani watu wapatao milioni 400 wanao. Wengi huishi maisha yao yote bila kujua. Lakini wakikutana na vitu fulani, chembe zao za damu huvunjika kwa wingi. Damu ikivunjika hutoa rangi ya manjano, na ini la mtoto mchanga bado ni changa, haliwezi kuiondoa upesi. Rangi hiyo ikizidi huingia kwenye ubongo. Mtoto aweza kufa, au kubaki kiziwi au mlemavu. Msichanganye umanjano huu na homa ya manjano, ambayo huletwa na mbu.

Upungufu huu huwapata zaidi watoto wa kiume, nao huurithi kwa mama, ambaye kwa kawaida ni mzima kabisa. Hili si kosa lake. Hakuna anayechagua damu ya kumrithisha mtoto. Tena urithi huu una historia yake: mwaka 1961 madaktari Allison na Clyde walichapisha uchunguzi wa watoto wa Afrika Mashariki, ukaonyesha kwamba wenye upungufu huu walikuwa na vimelea vichache vya malaria. Ndiyo maana umeenea zaidi penye malaria nyingi. Msiseme basi kwamba ni jambo la watu wa tambarare, Kahe na Arusha Chini. Watu wa juu na wa chini huoana, na damu hupanda mlima pamoja na bibi harusi.

Kwa nini aendelee kunyonya?

Rangi ya manjano hutoka mwilini hasa kwa njia ya choo. Mtoto anayenyonya sana hupata choo mara nyingi. Anayenyweshwa maji hushiba bure, na manjano hubaki tumboni na kurudi kwenye damu. Kwa hiyo mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana, ukianza na dang'a, yale maziwa ya kwanza. Akisinzia, mwamshe. Akishindwa kunyonya, kamua maziwa umpe kwa kikombe wakati mkimpeleka hospitali.

Yapo magonjwa mengine ya kurithi, kama galaktosimia, ambayo mtoto hawezi kabisa kutumia sukari ya maziwa. Hayo ni adimu sana, na ni daktari anayeamua baada ya vipimo, si jirani.

Mambo ya kuepuka

1. Vidonge vya nondo, yaani naftalini. Visiwekwe kwenye nguo za mtoto, za mama, wala mablanketi yao. Hata harufu yake ina madhara.

2. Dawa za kununua dukani bila ushauri. Baadhi hupita kwenye maziwa, kama dawa zenye salfa, dapsoni na primakwini. Dawa ya malaria iliyoitwa Lapdap, yenye dapsoni, iliondolewa sokoni mwaka 2008 kwa sababu ilivunja damu za wenye upungufu huu. Lakini kama umeandikiwa dawa kliniki, usiiache mwenyewe. Mwambie mhudumu kuwa unanyonyesha, na kama mtoto alipata umanjano.

3. Kutegemea jua. Kumwanika mtoto juani si tiba ya kutosha, na huku kwetu ukungu hukaa siku nzima.

Dalili za hatari

Kila asubuhi mpeleke mtoto dirishani. Bonyeza paji la uso kwa kidole, uachilie, utazame rangi. Tazama pia macho, fizi, viganja na nyayo. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo ikiwa:

– umanjano umeanza katika saa 24 za kwanza;
– viganja au nyayo ni za manjano;
– hanyonyi, amelegea au analala mno;
– analia kwa sauti kali, anajipinda mgongo au ana degedege;
– mkojo ni mweusi au mtoto amepauka.

Hospitalini kuna taa maalumu za kutibu umanjano, na ikilazimu mtoto hubadilishiwa damu.

Yule mtoto wa siku nne aliwekwa chini ya taa na kuongezewa damu. Mama alikamua maziwa kila baada ya saa mbili, na siku ya tatu mtoto akashika ziwa mwenyewe. Bibi yake alipokuja kuwachukua alikuwa na blanketi jipya. Vidonge, alisema, amekwisha kuvitupa chooni.