Wamakonde na uchaguzi wa 2027: Jinsi vyama vinavyoteua wagombea

Uchaguzi Mkuu wa tarehe 10 Agosti 2027 utakuwa wa kwanza ambapo Wamakonde wengi wa Kwale wataweza kuwania uongozi, si kupiga kura pekee.

Wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge. Jamii hiyo iliishi bila vitambulisho kwa miongo mingi, hadi Oktoba 2016 ilipotembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai uraia. Mapema 2017 ilitambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 nchini, na Agosti mwaka huo wengi wakapiga kura kwa mara ya kwanza.

Kwa nini wasubiri?

Kifungu cha 193 cha Katiba kinamtaka anayewania kiti katika Bunge la Kaunti awe amekuwa raia kwa angalau miaka 10 kabla ya uchaguzi. Waliosajiliwa mapema 2017 watatimiza muda huo kabla ya Agosti 2027. Kwa Wapemba waliosajiliwa baada ya kutambuliwa 2023, hata uchaguzi wa 2032 utafika miaka hiyo haijatimia.

Njia za kuingia Bunge la Kaunti

Njia ya kwanza ni kuwania wadi. Chama humteua mgombea kupitia mchujo wa wanachama au wa wajumbe. Jamii ndogo iliyotawanyika huwa na kura chache katika mchujo wa aina zote mbili. Asiye na chama anaweza kuwa mgombea huru.

Njia ya pili ni orodha ya chama kwa makundi yaliyotengwa. Sheria ya Uchaguzi inataka majina 8, wakiwemo angalau watu wawili wenye ulemavu, vijana wawili na wawili wanaowakilisha kundi lililotengwa. Orodha hufikishwa kwa IEBC angalau siku 45 kabla ya uchaguzi. Baada ya kura, viti hugawanywa kulingana na idadi ya wadi ambazo kila chama kimeshinda, na majina hufuata mpangilio wa orodha. Aliyewekwa mwisho huenda asifikiwe kabisa.

La kufanya sasa

• Hakikisha tarehe iliyo kwenye cheti chako cha uraia.
• Jisajili kuwa mpiga kura.
• Ukichagua kujiunga na chama, thibitisha kupitia eCitizen kwamba jina lako limo katika sajili ya wanachama. Asiyekuwemo hapigi kura ya mchujo wala hawezi kuwekwa kwenye orodha.
• Uliza chama kitapanga orodha lini, na nani atakayeamua jina litakalotangulia.