Freni ya pikipiki ikikamatwa na kutu



Pikipiki za koperative zinapita ndani ya matope, kisha zinashuka miteremko ya Kalehe ao Lubero na gunia za kahawa nyuma. Kama freni ya mbele iko ya disiki, kutu inaweza kukamata pistoni ndani ya etriye, kile chuma kinachobana disiki. Alama ni hizi: munaachilia freni lakini gurudumu linabaki zito, na disiki inakuwa moto sana.

Kutu inatoka wapi? Mafuta ya freni yanavuta maji polepole kutoka hewani. Ndiyo sababu tunayabadilisha kila miaka 2, na chupa iliyokaa wazi haifai tena.

Kusafisha

1. Mutoe etriye na plaketi, lakini musifungue kwanza mpira unaoleta mafuta. Mutie chombo chini, mubonyeze mkono wa freni polepole mpaka pistoni itoke. Vidole vikae mbali. Kisha mufungue ule mpira.
2. Mutoe mipira ya mviringo kwa kijiti cha mti. Chuma kinakwaruza.
3. Muoshe kwa maji na sabuni ao alkoli, mukaushe kabisa. Pistoni yenye vishimo, mununue ingine. Mipira ya mviringo iwe mipya kila mara.
4. Mupake mafuta mapya ya freni, murudishe pistoni kwa vidole, ikiwa wima, kisha mufunge yote.

Musitie hata kidogo mafuta ya motere, mazutu ao esanse: yanavimbisha mipira na freni inakufa.

Kutoa hewa

Mujaze kikopo na mafuta yaliyoandikwa kwenye kifuniko, kama DOT 3 ao DOT 4. Muvalishe kimpira cheupe kwenye visi ya kutolea hewa, ncha yake izame ndani ya mafuta ya freni kwenye chupa. Mmoja anabonyeza mara 3 na kushikilia. Mwenzake anafungua visi, anafunga, ndipo wa kwanza anaachilia. Murudilie mpaka mapovu yaishe. Kikopo kisikauke, hewa itaingia tena.

Mwishoni, mubonyeze kwa nguvu dakika moja. Mkono wa freni ukizama, ao mafuta yakivuja, pikipiki isitoke: muite mekanisiye. Ukibaki mgumu, mujaribu kwanza penye tambarare, bila mzigo. Mafuta ya zamani musimwage shambani wala mtoni.