Umande wa lenzi hautibiwi kwa mchele

Kila kipupwe kikiingia, swali ni lile lile: "Fundi, nilikuwa napiga picha za usiku huku Ibadakuli, Shinyanga, lenzi ikashika ukungu. Niiweke kwenye mchele siku ngapi?" Hata dakika moja usiiweke.

Mchele wa dukani hauna kiu. Huhifadhiwa ukiwa na unyevu wa asilimia 12 hadi 14, umekwisha kulingana na hewa inayouzunguka, kwa hiyo haukaushi kamera kuliko hewa ya sebuleni kwako. Unachotoa ni vumbi la wanga na vipande vya pumba, vinavyoingia kwenye pete ya fokasi na kuikwaruza. Ukiwa umeitoa lenzi, vinaweza kutua kwenye sensa. Mwaka 2024 Apple iliwakataza wenye simu zake kuzizika ndani ya mchele, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuziharibu. "Mbona yangu ilipona?" Ilipona kwa sababu umande ulikuwa juu ya kioo, na kioo kikipata joto umande huondoka wenyewe. Ungeiacha mezani ingepona vilevile. Kazi imefanya meza, sifa umeupa mchele. Najua huu ni mkoa wa mpunga na mchele hausemwi vibaya, lakini acheni upikwe.

Anga likiwa wazi, kioo hupoteza joto kuelekea juu mpaka kinakuwa baridi kuliko hewa, na mvuke wa hewani unageuka maji juu yake. Mei ndiyo mbaya zaidi, mvua zimeisha juzi na majaruba bado yana maji. Kamera iliyotoka kwenye gari lenye AC hupata ugonjwa huo huo. Basi tatizo ni kioo kupoa, na tiba yake ni joto.

Ivishe lenzi soksi nzito, uache kioo cha mbele wazi. Funika kioo kila usipopiga. Ukipanda gari au kurudi ndani, ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki, usiufungue mpaka ipate joto la chumba. Betri msinisumbue: nyuzi 15 za Shinyanga haziiui, hayo waachieni wanaopanda Kibo, ambako usiku hushuka chini ya sifuri. Kwa picha yenyewe: stendi ya miguu mitatu, kipima muda cha sekunde 2, f/2.8, ISO 3200, sekunde 15, fokasi ya mkono kwenye nyota angavu. Flashi zima, haifiki mbinguni. Chagua usiku usio na mwezi; katikati ya Julai, saa tano usiku, kitovu cha Njia ya Maziwa kiko karibu na utosi, kimeinamia kusini. Kaa mbali na taa za uwanja wa ndege wa Ibadakuli.

Kamera iliyotumbukia bwawani ni habari nyingine. Toa betri na kadi, usiiwashe "kuona kama inafanya kazi," mpelekee fundi asubuhi hiyo hiyo.